Jeki ya Mtu Mwenye Mama Mkwe

Jeki nazijua. Katika Dodoma hii wako wanaojua mpira, wako wanaojua siasa, wako wanaojua mvua itanyesha lini na bado hainyeshi. Mimi niletee jeki. Nitaipima kwa mkono mmoja, nitaitikisa karibu na sikio, nitapitisha kidole kwenye maungio yake, halafu nitakwambia kama itakurudisha nyumbani au itakuacha porini. Shule niliishia darasa la nne, na mpaka leo sijaona walichonibakizia kule mbele. Nilianza na mkokoteni pale Majengo, nasukuma magunia ya mtama na mahindi ya watu, miguu peku, lami ikichemka. Leo nina pikapu ya dizeli, kubwa, milango minne, yenye nguvu ya kuvuta nyumba. Nina shamba la zabibu Hombolo. Nina nyumba Msalato, karibu na uwanja mpya wa ndege, kwenye kiwanja nilichokinunua watu wakinicheka kwamba nimenunua vichaka na fisi wake. Waliocheka siku hizi wananiuliza kama kuna kingine.

Nayasema haya ili ujue anayeongea ni nani. Sasa nikuambie kwamba jeki niliyonayo leo, ambayo kila fundi akiiona huishika, sikuinunua kwa ajili ya gari. Niliinunua kwa ajili ya mama mkwe.

Kwetu sisi Wagogo, na zaidi kwa watu wa upande wa mke wangu, mama mkwe si mtu wa kuzoea. Humtazami usoni. Huli mbele yake. Ukimkuta njiani unachepuka, unainamisha kichwa, unamwamkia ukiwa mbali, naye anaitikia akiwa ameangalia pengine. Akitaka kukwambia jambo anamwambia mke wako, hata kama umesimama hapo hapo na masikio yako mawili. Vijana wa mjini wameanza kuyaacha, nawaona wanapiga picha na mama wakwe zao wameshikana mabega. Mimi sikuyaacha. Nilikuwa nimemwoa binti yake zaidi ya miaka ishirini, nimemjengea nyumba ya matofali, nimemchimbia kisima, na, ukiacha kuitikia salamu, neno moja lililotoka kinywani mwake likaelekezwa kwangu mimi nilikuwa sijalisikia.

Tena huyu mama hakunitaka. Alimtaka mwalimu mmoja wa shule ya msingi kwa binti yake, mtu wa kalamu mfukoni. Nilipopeleka posa, nilisikia baadaye kwamba aliuliza kama mkokoteni nao utaletwa ukae sebuleni. Kwa hiyo mbele yake nilikuwa na deni la heshima. Nikienda kwake navaa shati la mikono mirefu hata kwenye jua la Oktoba. Siketi hovyo, sicheki kwa sauti, kitambi nakibana. Akiniona, kama ananiona, aone mwanamume aliyenyooka.

Sasa binti yetu wa kwanza akapata mchumba, harusi ikapangwa mjini, na mimi nikatangaza mbele ya kamati nzima kwamba bibi wa bibi harusi hatakuja kwa gari la kukodi. Atakuja kwa gari langu, na atakayeshika usukani ni mimi. Kamati ikapiga makofi. Usiku nilipovua viatu mke wangu akaniuliza swali moja tu.

“Na tairi likipasuka?”

Nilijua anachosema. Miezi kadhaa kabla ya hapo tulipata pancha, mimi na yeye, tukirudi shambani. Pikapu yangu nimeiongezea springi, kama kila mtu anayebeba mzigo huku kwetu, kwa hiyo imenyanyuka juu kama mbuni. Jeki niliyokuwa nayo ni ile ya chupa, fupi, ya mafuta, iliyokuja na gari. Ili uiweke chini ya ekseli lazima ulale kifudifudi vumbini, uingie uvunguni kama panya buku, kichwa na mabega viko ndani, vilivyobaki viko nje. Na ilipofika mwisho wa urefu wake tairi lilikuwa bado limegusa ardhi, nikatoka kutafuta jiwe la kuipandishia, nikaingia tena. Nikatoka, nikaingia. Suruali iliteremka. Lilipita basi zima la abiria. Mke wangu alisimama pembeni ameshika kanga mdomoni, na nilidhani analia kwa kunihurumia mpaka niliposikia anavyopumua.

“Mama yangu angekuwa hapa,” akasema siku ile, “ningewazika wawili. Yeye kwa aibu na wewe kwa aibu.”

Basi nikaingia mjini kutafuta jeki. Nataka jeki ambayo mwanamume anaitumia akiwa amesimama wima, shati limechomekwa, mkanda umefungwa.

Nina duka langu la spea ninaloliamini, nyuma ya soko la Majengo, la mzee mmoja wa Kondoa, Mrangi, mtu wa swala tano na maneno hamsini. Tumetaniana tangu enzi za mkokoteni, maana mizigo yake niliibeba mimi. Nikamwambia shida yangu, ila la mama mkwe nikalificha. Nikasema tu nataka jeki ya gari zito. Akanitolea kwanza ile ya mkasi, inayokunjuka ukizungusha mpini. Nikaitazama, nikamrudishia. Hiyo ni ya vigari vya akina dada wa ofisini. Akanitolea ya magurudumu, ndefu, nyekundu, ya kuvuta kama mbwa. Nzuri sana kwenye sakafu ya gereji, lakini huku kwetu nani kakumwagia sakafu njiani? Akaleta ya chupa, mpya, ya tani nyingi, akaisifia mpaka mate yakamkauka.

Mimi jeki sinunui kwa masifa. Nilikuja na pikapu imejaa mchanga mbichi, makusudi. Nikaiegesha mbele ya duka lake, nikaweka hiyo chupa yake chini ya ekseli, nikapandisha. Halafu nikachora alama kwa chaki kwenye ukuta, usawa wa bodi ya gari, nikaagiza chai na chapati mbili. Hiki ndicho kipimo changu, na hakuna aliyenifundisha. Jeki ya mafuta ikiwa mbovu haikuangushi papo hapo, inakushusha polepole kama mke aliyekasirika. Ukimaliza chai, tazama alama. Tulipomaliza chai gari lilikuwa limeshuka upana wa kidole.

Mzee akasema alama niliichora vibaya. Nikamwambia basi tuongeze kikombe tuone. Watu walikuwa wameshaanza kukusanyika, wapagazi, waendesha bajaji, mama mmoja wa nyanya, na kila mmoja alikuwa na la kusema kuhusu jeki, hata wasio na baiskeli.

“Wewe hununui jeki,” mzee akaniambia. “Wewe unaposa.”

“Na huyu binti yako ana mguu mbovu. Lete mwingine.”

Ndipo akaingia ndani kabisa, nikasikia vyuma vinahamishwa, akatoka na jeki ndefu ya meno. Kama hujaiona, ni chuma kimoja kirefu, kinanifika kifuani, kimetobolewa matundu kutoka chini mpaka juu kama filimbi. Kina kichwa kinachopanda tundu kwa tundu kila ukishusha mpini. Unaingiza ulimi wake chini ya bampa, unasimama, unashusha mpini, ka, gari linapanda. Unashusha tena, ka. Haina mafuta ya kuvuja. Humwinamii mtu.

Alikuwa nazo tatu. Ya kwanza ilikuwa imepakwa rangi nene inayong’aa, nikaiweka kando. Chuma kilichopakwa rangi nene kinaficha kitu, kama bibi harusi mwenye poda mpaka shingoni. Ya pili nilizitazama kucha zake mbili, zile zinazopokezana kuingia kwenye matundu, na moja ilikuwa nzito kurudi. Ukucha ukichelewa mara moja tu, mpini unaruka unakuvunja taya. Ya tatu ilikuwa na kutu kidogo juu juu, haina sura, lakini kucha zake zilikuwa zinaingia na kutoka kama ulimi wa nyoka. Nikaibeba. Uzito wake ulikuwa wa haki. Nikaitia kwenye bampa la nyuma, ambalo nilikuwa nimeshalichomelea kikonyo cha chuma imara kwa ajili hiyo, nikapandisha gari na mchanga wake wote mpaka tairi likaning’inia hewani. Nikaagiza chai nyingine. Alama ya chaki haikusogea hata unywele.

Mzee akaniambia jambo moja, na nalisema kwa sababu ni mkweli, ingawa mtani. Mguu wa jeki hii ni mdogo, kama kiganja. Kwenye lami haina tatizo, lakini kwenye mchanga itazama. Nikamjibu kwamba mimi nimezaliwa mchangani, nikakua mchangani, na kabla jogoo wake hajawika nitakuwa nimetafuta ubao. Na nilitafuta. Kipande cha mninga, kinene, kipana kuliko sahani, nikakiweka nyuma kwenye pikapu pamoja na jeki. Spea tairi nikalitoa uvunguni linakokaa, nikalifunga wima nyuma ya kebini, ili siku hiyo hakuna kitakachonilaza chini. Niambie nilichosahau. Hakuna.

Siku ya harusi nilifika kijijini kwa mama mkwe, mbele ya Hombolo, asubuhi jua likiwa bado lina adabu. Ibada ilikuwa saa nane mchana mjini, na kwa desturi ya nyumba ile bibi harusi hatoki mlangoni mpaka bibi yake mzaa mama ampake mafuta kwenye paji la uso kwa mkono wake. Binti alikuwa Msalato ameshaanza kusukwa, anasubiri mkono huo. Wanaume wa ukoo walikuwa wameshaondoka alfajiri na lori. Waliobaki ni mama mkwe na wanawake wake sita wa kuimba, watu wazima wote, wamevaa kanga za sare na njuga ziko kwenye kapu.

Nikaamkia kutoka mlangoni mwa ua, macho chini. Akaitikia akiangalia banda la kuku. Mambo yakaenda kama yanavyotakiwa. Wanawake wakapakia: unga wa mtama, kuku, mtungi wa asali, ngoma mbili, na kigoda chake mama mkwe, kile cha miguu mitatu kilichochongwa kwa gogo moja, kwa sababu yeye hakalii viti vya plastiki. Kile kigoda sikuwahi hata kukisogelea. Mkwe hagusi anapokaa mama mkwe, hiyo anaijua hata mtoto.

Ulipofika wakati wa yeye kupanda, nikageuka, nikatazama mlima. Mama mkwe anapandisha mguu kwenye gari refu vile, wewe mwanamume wa binti yake unatazama wapi? Nikasikia nyuma yangu wanahangaika, mmoja anasema shika huku, mwingine anasema lete kile, kitu kikaburuzwa, mlango ukafungwa. Mke wangu akaniambia tayari. Nikaingia, nikageuza kioo cha ndani kikatazama paa, maana yeye alikuwa amekaa kiti cha nyuma, na hao tukaondoka. Wale sita walikaa nyuma kwenye bodi, juu ya magunia, wameshaanza kuimba.

Niliendesha kama nimebeba mayai. Mashimo nilikuwa nayaomba ruhusa. Mke wangu alikuwa pembeni yangu, na kila baada ya muda sauti ilitoka nyuma ikimwambia amwambie dereva hivi na vile, na mimi namwambia amwambie mama nimesikia. Dereva. Hakusema mume wako. Nikameza.

Tulipokuwa tumeliacha bonde la mashamba ya zabibu na kuingia ile sehemu ya mchanga ambako njia inakatisha korongo kavu, tairi la nyuma kulia likapasuka. Sauti kama bunduki. Kuku wakapiga kelele, wanawake wakanyamaza. Nikasimamisha gari, na naapa, moyoni nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi. Nani kama mimi? Nimejiandaa kwa hili. Nikamwambia mke wangu amwambie mama asiwe na wasiwasi, ni jambo la dakika chache, na kama anaweza akae kivulini. Kulikuwa na mgunga mmoja mwembamba. Wakamkalisha hapo kwenye kigoda chake, na wanawake wakamzunguka, mgongo wake umenielekea kwa heshima. Nikachomeka shati vizuri. Nikakusanya mawe madogo nikayakingia matairi ya mbele. Nikaenda nyuma kuchukua ubao wangu.

Ubao haukuwepo.

Nilipekua magunia, nikahamisha ngoma, nikainua kapu la njuga. Mke wangu akaniuliza natafuta nini, nikamwambia, akaweka mkono kichwani. Kile kilichoburuzwa kule uani ndicho hicho. Walikiweka chini kiwe ngazi ya kumpandishia mama, akakikanyaga, akapanda, na kikabaki pale pale mbele ya mlango, mimi nikiwa nimetazama mlima kama mwanamume mwenye adabu.

Nikajaribu bila ubao. Nikasimamisha jeki, nikaingiza ulimi, nikashusha mpini. Ka. Ka. Gari halikupanda, jeki ndiyo ilishuka. Mguu wake ulizama mchangani kama mwiko kwenye uji. Nikaing’oa, nikasogeza, nikarudia. Nikatafuta jiwe bapa, korongo lile lina changarawe za duara tu, kila jiwe yai. Nikaweka spana, ikazama na yenyewe. Nikatoa mkeka wa miguuni kwenye gari, nikautandika, ukakunjamana ukameza jeki. Simu haina mtandao. Jua lilikuwa limeshakuwa kali, na nilijua kule Msalato nywele zimeshasukwa zikaisha na binti amekaa na paji lake la uso kavu, anasubiri.

Iliyokuwa imebaki ni ile jeki ya zamani ya chupa. Nilikuwa nayo chini ya kiti. Nayo ina kitako kipana kidogo, na chini ya ekseli ningeweza kuchimba na kubabaisha. Lakini hiyo maana yake unaijua. Kulala kifudifudi. Mbele ya mama mkwe na wanawake sita wa kuimba, siku ya harusi, nimevaa suti.

Nilivua koti. Nikalikunja. Nilikuwa tayari, nakwambia kweli, kwa sababu binti ni binti. Nikapiga goti moja mchangani. Mke wangu, ambaye alicheka siku ile ya kwanza, safari hii hakucheka. Alikwenda pale kwenye mgunga, nikamsikia anaongea na mama yake kwa sauti ya chini. Halafu nikaona kivuli kinasogea kwenye mchanga kuelekea kwangu, na nikainamisha kichwa nisimtazame mwenye kivuli.

Kigoda kikatua mbele ya goti langu.

Sikukigusa. Nilirudi nyuma kwa magoti. Nikamwambia mke wangu amwambie mama kwamba hapana, kitu hicho siwezi, nitapata njia nyingine. Mke wangu akafungua mdomo apeleke ujumbe, na mama yake akamkatisha.

“Mkwe,” akasema. “Kigoda ni mti. Weka.”

Akaniambia mimi. Hapakuwa na mtu katikati. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye mchanga wa korongo, nina zaidi ya miaka hamsini, nina shamba na nyumba, na nilijikuta nimejibu kama mtoto wa darasa la kwanza: “Ndiyo, mama.”

Nikakichukua kwa mikono miwili. Nikakigeuza juu chini, uso wake mpana ukakaa mchangani, miguu mitatu ikatazama mbingu. Na mguu wa jeki yangu ukaingia katikati ya ile miguu mitatu ukatulia, kama vile aliyechonga kigoda alichukua vipimo kwa yule mzee wa Majengo. Nikasimama. Nikavaa koti langu. Nikashika mpini.

Ka.

Gari likanyanyuka kidogo. Ka. Kigoda kikajikita, hakikuzama. Ka. Na ka ya nne ilipolia, mmoja wa wale wanawake akagonga ngoma mara moja, sijui kwa makusudi au mkono ulimtoroka. Ka, akagonga tena. Wenzake wakacheka. Halafu ikaanza sauti nyembamba, kavu, ya kukata kama upepo wa Julai, na ilikuwa ya mama mkwe. Kwetu wimbo hauna mkwe. Katika wimbo unamwambia yeyote lolote, na hakuna wa kukushtaki. Aliimba kwa Kigogo, na kwa Kiswahili ilikuwa kama hivi:

“Mkwe ana kitambi, kitambi kina kazi, kinashusha chuma, chuma kinapandisha gari.”

Na wale sita wakaitikia, “Kina kazi, kina kazi,” na kila wakiitikia mimi nashusha mpini. Ka. Akaongeza ubeti mwingine kwamba alimtaka mwalimu, lakini mwalimu angeandika tairi ubaoni akalifuta. Mke wangu alikaa chini mchangani na gauni lake la kuendea harusini, machozi yanamtoka. Akaongeza wa tatu, kuhusu mkokoteni, kwamba aliukataa ukiwa na magurudumu mawili na sasa umeota manne. Mimi nashusha tu mpini, jasho linanitiririka, kitambi nimekiachia kabisa, kwa nini nikibane na kimeshatajwa? Tairi likaning’inia. Nikalegeza nati, nikatoa lililopasuka, nikavalisha zima, yote nimesimama au nimechuchumaa kwa heshima, na wimbo haukukatika mpaka nilipoteremsha gari chini.

Vigelegele vya wanawake sita porini ni kitu cha kusikia. Jeki yangu niliifuta kwa leso. Kigoda nilikifuta kwa leso hiyo hiyo, nikampa mke wangu ampe mama. Alipokipokea alikikagua chini, akaona mguu wa jeki umeacha alama ya mraba katikati ya mti, akaipapasa kwa kidole gumba. Nilidhani atasikitika. Akamwambia mke wangu, akirudia desturi yake, amwambie dereva tumechelewa.

Tulifika Msalato vumbi limetufanya wote rangi moja. Binti alikuwa dirishani. Bibi yake aliingia bila kunawa, akaomba mafuta, akampaka paji la uso, na mkono wake ukaacha michirizi ya vumbi la korongo ambayo mpambaji alitaka kuifuta, akakatazwa na chumba kizima. Kanisani tulikuta mchungaji anatazama saa, lakini alikuwa anatabasamu.

Kwenye sherehe ndipo nilipoijua nguvu ya huyu mama. Nilikuwa nimejiandaa kuisimulia habari ya jeki. Nilikuwa na kila kitu, chai, chaki, kucha za chuma, mzee wa Kondoa. Watu wa upande wa bwana harusi walikuwa wageni, hawajanisikia bado. Nikainuka na soda yangu, nikaelekea kwenye meza yao, na nikakuta nafasi imeshachukuliwa. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda chake katikati ya ukumbi, wageni wamemzunguka, anasimulia.

Alisema gari lilikuwa limelala. Alisema vyuma vya mjini vilijaribiwa vyote vikazama, kimoja baada ya kingine. Alisema wanaume walishindwa, ingawa mwanamume alikuwa mmoja tu, na mimi ndiye. Halafu akasema yeye alitoa kigoda, akaimba, na gari likanyanyuka. Watu wakashangaa, wakapiga makofi. Akageuza kichwa, akaniona nimesimama na soda, na mbele ya ukoo wote, wa kwao na wa wageni, akaniita.

“Mkwe. Si kweli?”

Mimi ni mtu ambaye hajawahi kumwachia mtu sifa. Muulize yeyote Majengo. Niliitazama ile meza, nikamtazama mke wangu ambaye alikuwa ameacha kutafuna. Nikamtazama mama mkwe, na nilimtazama usoni, kwa mara ya kwanza. Ana mwanya, nilikuwa sijui.

“Kweli, mama,” nikasema. “Likanyanyuka lenyewe.”

Akaniashiria kiti cha plastiki kando yake, nikavuta, nikaketi. Wageni wengine wakaja, akaanza upya. Safari hii korongo lilikuwa na maji. Waliokuja baada yao waliambiwa kwamba kulikuwa na fisi, mchana ule, na jeki ilikuwa imeshatoka kabisa kwenye habari. Alipofika kwenye fisi alisita kidogo, amesahau walikuwa wangapi, akanigeukia.

“Wanne, mama,” nikamwambia, na akaendelea.